Sange na Fundo la Chatu

"Paukwa."
"Pakawa."
"Aliyelala yuko wapi?"
"Hayupo, tuko macho kodo."
"Basi tulieni. Na wewe Mwanasiti, toa kidole mdomoni, hadithi hainyonywi."

Palikuwa na Sange. Hamumjui? Kinyama kidogo, panya si panya, pua ndefu hiyo. Kila asubuhi hufagia vijia vyake kule msituni, kisha hukimbia kuvipitia vyote, tu-tu-tu-tu, ndipo arudi kumlisha mwanawe.

Na palikuwa na Chatu. Yeye akila, analala. Akiamka, anakula. Akila, analala tena.

Siku moja Chatu akajilaza juu ya kijia. Sange akaja, tu-tu-tu-tu, akaingia katikati ya mapindi yake. Kashikwa.

"Shikamoo, Mjomba Chatu."

"Marahaba. Nakumeza."

Jamani, Sange aliogopa. Mtoto nyumbani hajala. Akatafuta ujanja kichwani, hakuona kitu. Akasema lililomjia mdomoni:

"Mjomba, leo sijamaliza mbio zangu. Nyama iliyopoa haina ladha. Niache nikimbie kidogo, damu ichemke, utanila mtamu."

Chatu mroho, akasikia huo utamu tu. "Kimbia, lakini humu humu ndani. Na jicho langu liko kwako."

Akalegeza mwili. Sange akakimbia, tu-tu-tu-tu. Mzunguko wa kwanza, anatetemeka. Wa pili, moyo ukatulia. Wa tatu, kichwa kikafunguka: kumbe mwili wa huyu nao ni vijia tu.

Akaruka juu ya pindi, akapenya chini ya pindi. Chatu, kwa kuogopa kumpoteza, akamfuata kwa kichwa. Juu, suu. Chini, suu. Juu, suu. Sange akachomoka nje. Chatu akajivuta amkamate. Wapi. Akajivuta tena. Wapi. Amejifunga fundo.

"Kwaheri, Mjomba. Mtoto ananisubiri."

Chatu akajinyonganyonga mchana kutwa, huku na huku, mpaka fundo likafunguka. Kwa mazoezi yale, kichwa chake nacho kikafunguka. Akakumbuka kwamba jana alimeza swala mzima, na leo hata njaa hakuwa nayo.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Utamu chukueni, uongo niachieni. Na somo lake ni hili, wajukuu zangu: msikimbiekimbie. Mtapata akili, na mkishapata akili, mimi nitamhadithia nani?