Kinu Kidogo cha Semkiwa

Tii, tii, tii.

Sikieni kwanza mlio huo kabla hamjaona kitu, wajukuu zangu, maana ndivyo kijiji kizima kilivyoupata mkasa huu: kwa masikio. Mmemsikia mama yenu mdogo akisema, "Chungu kimoja hakina mgonjwa," mkacheka, mkadhani ni maneno ya kubana matumizi jikoni. Siyo. Methali hii ilianza hivi, huko upande wa Muheza, kijiji cha Kwemtindi, asubuhi kinu kidogo kilipolia nyumbani kwa Semkiwa.

Kwanza muelewe habari ya kinu kidogo. Kule kila nyumba ilikuwa na vinu viwili. Kile kikubwa ni cha watu wote, cha kisamvu na mpunga, na sauti yake ni nzito: dii, dii. Kile kidogo hukaa darini, nacho hushushwa kwa mambo mawili tu, mama aliyejifungua au mtu aliyelala kitandani. Kikilia kinu kidogo, jirani haulizi. Hujifunga kanga, huchukua alichonacho, huenda kumjulia mgonjwa hali.

Vinu hivyo, vikubwa kwa vidogo, vingi vilichongwa na Semkiwa mwenyewe. Alikuwa na kifua kipana na tezo kali, lile shoka dogo la kuchongea, na gogo la mkwaju lililowashinda wenzake yeye alilipasua huku akiimba. Chakula alikipenda kama alivyoipenda kazi. Chai yake ilitiwa sukari mpaka kijiko kikachoka. Wali wa nazi, bada la muhogo, vitumbua, vyote vilimjua. Mkewe, Mwantumu, alikuwa akimtania kwamba siku akifa atazikwa na bakuli.

Utani huo aliuacha ghafla.

Semkiwa alijikata kidole kwa patasi, akaenda kituo cha afya kushonwa. Muuguzi alipomtazama umbo lake, akamuuliza kama kwao kuna mwenye kisukari. Semkiwa akasema kulikuwa na kaka yake, Mhina. Muuguzi akampima damu, akampa miadi ya kurudi na njaa asubuhi, akampima tena. Kisha akamketisha pamoja na mkewe.

"Baba, kisukari bado hujakipata," alisema. "Lakini sukari yako imepita kiasi. Uko mlangoni. Na mlango huu una wema wake: mtu anaweza kugeuka akarudi."

"Nirudi kwa miguu gani?" Semkiwa aliuliza.

"Kwa hiyo hiyo uliyojia, na kwa mkono unaoshika tonge. Sukari kwenye chai acha. Soda acha. Sembe nyeupe na wali punguza, mboga ongeza, machungwa kula badala ya kuyakamua. Na utembee. Baada ya miezi michache uje tukupime."

Wakashika njia ya nyumbani. Wote wawili walikuwa wakimfikiria Mhina. Kidonda kidogo cha mguu ndicho kilichomwanza, mguu ukakatwa, na mwaka haukuisha wakamzika. Mwantumu ndiye aliyekuwa akimwosha shemeji yake kile kidonda. Harufu yake aliijua.

Kwa hiyo alipofika nyumbani alipanda darini, akashusha kinu kidogo, na pamoja nacho kijungu cha udongo. Kesho yake alfajiri akaanza kutwanga mtama wa mumewe peke yake. Sembe ya mashine ilikuwa ya watoto na mama mkwe. Mume angepikiwa chake, kwa mkono wa mke wake, kisiguswe na mtu. Hilo lilikuwa pendo, wajukuu zangu. Msije mkamcheka.

Tii, tii, tii. Umande haujakauka, Bi Saumu wa nyumba ya pili akapiga hodi.

"Hodi wenyewe! Poleni na mgonjwa!"

"Mgonjwa gani, jirani?" Mwantumu alishangaa, mchi mkononi.

"Usinifiche, shoga. Kinu kimeshasema."

Semkiwa akatokea mlangoni, tezo begani, tayari kwenda porini kutafuta gogo.

"Huyo! Eti anasimama!" Bi Saumu akashika kiuno. "Kaa chini, shemeji, usijikaze. Mhina naye alijikaza hivyo hivyo."

Aliposikia jina hilo Semkiwa akaweka tezo chini. Akaketi. Bi Saumu akafungua kifurushi, na ndani mlikuwa na sukari, mkate na chupa ya soda, maana ndivyo mtu anavyokwenda kumtazama mgonjwa. Nani aende mikono mitupu? Na desturi yao ilikuwa kwamba mgonjwa aonje mbele ya mletaji, ili mletaji arudi kwake na moyo mweupe.

"Onja basi. Funda moja tu, niondoke."

Semkiwa alimtazama mkewe. Angesema nini? Kijijini kulikuwa na mzima na kulikuwa na mgonjwa. Mtu asiyeumwa lakini hatakiwi kula sukari hakuwa na jina. Akanywa.

Baada ya Bi Saumu akaja imamu na tende. Wakaja mafundi wenzake na mkungu wa ndizi mbivu. Shangazi akatoka Muheza mjini na keki. Wote walitaka aonje, naye akaonja kwa kila mmoja, na kila mmoja alimwacha na maneno: pumzika, usibebe kitu, jilaze. Mzee mmoja aliyetaka kinu cha harusi ya bintiye aliipeleka kazi kwa fundi mwingine. "Mgonjwa hasumbuliwi," alisema kwa huruma. Semkiwa akaanza kushinda kwenye mkeka. Tezo likaota kutu.

Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa saa ya kula. Nyumba nzima ilikaa kulizunguka sinia moja: mama yake, Bibi Mwanahamisi, watoto wanne, na mke. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiwagawia samaki na kuwaibia watoto vipande ili wapige kelele. Sasa aliwekewa bakuli lake pembeni, karibu na mlango. Watoto walimsogelea kwa adabu ya msibani. Akila mtama wake, anasikia mikono yao inakutana kwenye sinia.

Mama yake alikuwa akiyaona hayo. Alikuwa ameshazika mtoto mmoja, na huyu wa pili alimwona analishwa kama mfungwa. Basi kila alasiri, Mwantumu akienda kisimani, bibi alimwita mwanawe nyuma ya nyumba na kumpa kikombe cha uji mzito wa sukari.

"Kunywa, baba. Umenyong'onyea."

Naye alikunywa amechuchumaa karibu na mama yake, mabega yamegusana, na kwa muda ule mfupi hakuwa mgonjwa.

Miezi ilipotimia walirudi kituoni. Muuguzi alipima, akapima mara ya pili.

"Imepanda," alisema taratibu. "Baba, umebakiza hatua moja."

Mwantumu hakulia kituoni, wala njiani. Alifika nyumbani, akamkuta mama mkwe anachagua choroko uani, akasimama katikati ya ua na buibui lake.

"Natwanga kila alfajiri," alimwambia mumewe. "Mikono imenitoka malengelenge. Sukari imepita wapi, baba Mwajabu? Niambie. Una jiko jingine nje?"

"Hakuna jiko jingine."

"Basi imepita wapi?"

Choroko zikamwagika. "Imepita kwangu," alisema Bibi Mwanahamisi.

Mwantumu akageuka. "Mama?"

"Mimi nampa uji. Wa sukari. Kila siku." Bibi hakukiinamisha kidevu. "Nimuache anakula mlangoni kama ombaomba? Nimemzaa mimi!"

"Nawe mama, wataka kuzika tena, kwa mkono wako?"

"Na wewe je? Umemshushia kinu cha wagonjwa akiwa na nguvu za kupasua mkwaju! Kijiji chote kinamlilia. Wewe ndiye uliyemlaza!"

"Mimi nampenda!"

"Na mimi namchukia?"

Wakatazamana, mkwe na mkwe. Ndipo Semkiwa akasema kitu, na alikisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba walilazimika kunyamaza ili wakisikie.

"Ule uji sikuufuata kwa utamu. Nilimfuata mama. Pale nyuma ya nyumba ndipo peke yake mtu alikuwa anakula na mimi."

Mwantumu alikaa chini kwenye choroko zilizomwagika. Kisha akasimama, akakiweka kando kijungu cha mumewe, akabandika chungu kikubwa cha watu wote, na maji yalipochemka akamimina humo unga wote wa mtama uliobaki, akaanza kusonga.

"Unafanya nini?" bibi aliuliza.

"Napika."

"Watoto wale chakula cha mgonjwa?"

"Mgonjwa yupi, mama? Huo mtama ulitulea mimi na wewe kabla mashine haijaja. Leo umekuwa dawa?"

Jioni ile sinia lilikuwa na kilima kidogo cha ugali wa mtama, na kisamvu kilichokuwa kingi kuliko ugali, na maharage, na samaki. Semkiwa aliitwa akae mahali pake. Mwajabu, binti mkubwa, alikunja uso.

"Baba, huu ugali ni wa udongo?"

"Ni wa gogo," baba yake alijibu. "Nimeuchonga mwenyewe." Akanyakua kipande cha samaki mbele ya mdogo wake, na kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka kwa Bi Saumu.

Msidhani ilikuwa rahisi. Watoto walinung'unika kwa majuma. Bibi alikunywa chai ya mchaichai bila sukari akikunja uso kama anayemeza mwarobaini, akaapa kwamba hata Firauni hakunywa kitu kama hicho. Mwantumu mwenyewe alikiri kwamba usiku aliota vitumbua. Lakini walikuwa wakiota wote, wakiamka wanasimuliana na kucheka.

Kinu kikubwa ndicho kilicholia siku hizo. Dii, dii. Bi Saumu akaja mbio.

"Mgonjwa amepona?"

"Hapana mgonjwa," alisema Mwantumu.

"Lakini naona bado anakula mtama!"

"Sote tunakula mtama. Chungu kimoja hakina mgonjwa, jirani. Karibu sinia, unawe mikono."

Bi Saumu alinawa, akala, akatafuta mgonjwa kwa macho, asimwone. Maneno yale alikwenda nayo kisimani, na kutoka kisimani hakuna neno linalorudi. Watu wakaacha kuleta sukari. Wakaleta kunde, wakaleta mboga ya mnafu. Yule mzee aliyekuwa na harusi alikuja kuomba radhi na kuagiza michi miwili. Semkiwa akanoa tezo, akarudi kutembea porini kutafuta magogo, anakwenda na jua na kurudi nalo.

Siku ya kupimwa tena, bibi alikataa kubaki nyumbani. Alikwenda nao, mkono mmoja kwa mwanawe, mwingine kwa mkwewe. Muuguzi aliposoma kipimo alitabasamu kabla hajasema.

"Imeshuka. Umegeuka mlangoni, baba. Lakini mlango bado upo, usijisahau."

Mwantumu alijifunika uso kwa mtandio. Bibi Mwanahamisi hakufurahi upesi hivyo. Aliketi kwenye benchi la nje, akamvuta Semkiwa akae, akamshika kile kidole chenye kovu la patasi.

"Nilimuuguza Mhina mpaka mwisho," alisema. "Sina nguvu za kuzika tena. Niahidi hutanitangulia."

Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama, kwa maana bibi hakusema kwa kunong'ona. Mwantumu akaja akaketi upande wa pili. Kisha Semkiwa akapaza sauti yake, sauti ile ya kuimbia magogo, ili asikie mama, asikie mke, na wasikie wote waliokuwa pale.

"Mama, umri siwezi kukuahidi, huo ni wa Mungu. Nakuahidi mkono wangu. Sitakula nyuma ya nyumba tena, wala hamtaniona nakula mlangoni. Utakachokula wewe nitakula, watakachokula wanangu nitakula, na siku yoyote mmoja wetu akiambiwa aache kitu, tutakiacha sote, sinia moja, mpaka atakaponiita Yeye aliyeniumba. Naahidi mbele ya watu hawa, mama yangu: chungu kimoja hakina mgonjwa."