Zeze la Mzee Lufungulo

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, mnisaidie kesi iliyomshinda mwenyewe.

Mjini Tabora walikuwapo watu watatu. Masele, fundi wa kuchomelea, alikuwa na mikono isiyoshindwa na kitu kilichovunjika. Tausi, mshona nguo, alikuwa na sauti ya kumfanya mpita njia asahau aendako. Kabula, muuzaji katika duka la vitambaa la mtu, alikuwa na ulimi ambao watu hawakuweza kuukatalia. Aliyewakutanisha ni Mzee Lufungulo, mpiga zeze, mwanzilishi wa Jioni ya Sanaa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu walijaa ukumbini, wakaimba, wakacheza, wakasomeana mashairi.

Miaka kumi na moja ilikwenda hivyo. Kisha watu wakaanza kupungua. Mwezi mmoja walikuja ishirini, uliofuata sita. Ukumbi ukakodishwa kwa muuza vigae. Siku alipoletewa habari hiyo, mzee alianguka mlangoni kwake, juu ya zeze lake. Kibuyu cha zeze kikapasuka, na yeye akapooza upande mmoja.

Mkewe, Bi Nyamizi, alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani. Daktari alimwita pembeni: "Mama, kaeni naye tu." Siku hiyo mzee akasema kwa taabu, "Nyamizi, ningeisikia Jioni yetu mara moja tu, basi."

Bi Nyamizi hakujua la kufanya. Aliwaeleza wale watatu, akalia. Wakaahidi kumrudishia mzee Jioni yake, uani kwake, Jumamosi.

Masele alifunga karakana siku nne. Akatafuta kibuyu kingine, akafunga nyuzi upya, akajikumbusha nyimbo alizofundishwa na mzee. Mteja aliyekuwa amemwagiza mageti ya nyumba sita alichoka kungoja, akaenda kwa fundi mwingine.

Tausi alikuwa ametoka kupasuliwa koo, na alikatazwa kuimba miezi mitatu. Bi Nyamizi alimshika mkono. "Mwanangu, acha."

"Mama, nikinyamaza, nani mwingine anazijua nyimbo zake?"

Siku ilipofika akaimba. Tangu siku hiyo sauti yake ni mkwaruzo tu.

Kabula naye alizunguka nyumba kwa nyumba siku tatu. "Mzee huyu amewafurahisha miaka yote hiyo, leo mnashindwa hata kuja kumuaga?" Watu wakaona haya. Mwenye duka alipomkosa siku ya tatu, nafasi yake akampa mwingine.

Jumamosi saa kumi alasiri, ua wa mzee ulijaa mpaka barabarani. Wakamtoa nje na godoro lake. Masele alipoanza kupiga, vidole vya mzee vya mkono mzima vikacheza juu ya shuka. Tausi akaimba, watu wakaitikia. Mzee akamvuta mkewe.

"Zeze mpe aliyenirudishia Jioni yangu."

"Yupi, mume wangu?"

Akatazama waliposimama wale watatu, akafumba macho. Hakusema tena. Jumatatu wakamzika.

Mwezi uliofuata Bi Nyamizi alitandika mikeka uani. Hakuja mtu ila wao watatu. Akawaeleza wosia wa marehemu.

"Bila zeze pangekuwa na nini pale?" Masele akasema. "Na ni mimi peke yangu ninayeweza kulipiga."

"Wewe mageti utapata mengine," Tausi alijibu kwa kunong'ona. "Mimi sauti nitaitoa wapi? Nipeni nijifunze, liimbe badala yangu."

"Mngempigia na kumwimbia nani?" Kabula akauliza. "Kila mwezi mzee alikuwa akililia watu. Watu niliwaleta mimi."

Kila mmoja akashika njia yake, na mpaka leo hawasalimiani.

Keshokutwa Bi Nyamizi anahamia Mwanza kwa bintiye. Zeze liko kitandani, amelizungushia kanga. Anajua Jioni haitarudi, alichukue yeyote. Lakini neno la mumewe bado linamdai. Akimpa mmoja, amewavunja wawili. Akiondoka nalo, atakuwa hakutimiza jambo la mwisho aliloombwa.

Sasa nanyi mlioketi hapa, semeni. Ungekuwa wewe ndiye Bi Nyamizi, zeze hilo ungemkabidhi nani?