Pombe Yenye Ndevu

Mwanamke mmoja alikuwa na mtungi wa pombe, na kidevuni alikuwa na nywele chache ngumu. Aliitwa Tusekile, ila majirani walimwita Mama Lusajo, kwa jina la mwanawe aliyehamia mbali. Alikuwa mjane. Aliishi kwenye mteremko wa mlima wenye baridi, mahali ambapo ulezi hustawi na ukungu hauna haraka ya kuondoka, na pombe yake ya ulezi ndiyo iliyomlisha tangu mumewe alipozikwa. Kuipika alifundishwa na mama mkwe wake, mwanamke mkali asiye na maneno mengi, ambaye badala ya kueleza alimshika kiganja na kukisukuma ndani ya uji wa moto, apate kujua mwenyewe kiasi cha joto.

Nywele zile zilimwota utu uzima ulipomfikia. Mwaka huohuo, kwenye arusi moja, Mzee Mwankuga alikunywa kata ya pombe yake, akajifuta mdomo, akamtazama kidevu, akasema kwa mzaha, "Pombe hii ina ndevu." Watu wakacheka. Lakini mzaha wa mkubwa haukawii kuwa sheria. Kabla ya mavuno mengine ilishajulikana kijiji kizima kwamba pombe ya Mama Lusajo huumuka kwa nguvu ya nywele za kidevu chake. Wanawake wakaanza kujipaka masizi na mafuta ya nyonyo kidevuni, wakingoja. Wanaume wakakatazwa kunyoa pombe ikiwa mtungini, maana wembe, walisema, hukata povu. Aliyenyoa kwa kusahau alipitishwa nyuma ya nyumba, asiuone mtungi wala mtungi usimwone. Bwana mmoja alimfunga beberu jikoni kwa mkewe kwa ajili ya ndevu zake, na beberu akala kimea chote cha kuumulia pombe. Hata hilo halikumfunza mtu. Walisema beberu yule alikuwa na ndevu mbaya.

Mwanzoni Tusekile alicheka pamoja nao. Baadaye akanyamaza. Kisha, asijue ni lini hasa, akaanza kuzitunza nywele zile. Watu walipokunywa na kusema, "Zimefanya kazi," yeye aliitikia, "Tumshukuru Mungu," akaona haya kusema kwamba ni yeye aliyerauka kuusikiliza mtungi, akaugeuza ubavu uliopoa uelekee moto. Aliona ni nafuu kuitwa mwenye bahati. Mwenye ujuzi huulizwa maswali na huonewa kijicho. Mwenye bahati huachwa akae zake. Miaka ikapita hivyo, na mtu akirudia neno moja miaka mingi, hata kama alilianza kwa adabu tu, mwishowe hulisadiki.

Ikatokea kwamba watu wa Juu na watu wa Chini mteremkoni pale waligombania mfereji wa maji, wakapigana, na mtu wa Chini akakatwa vidole kwa panga. Wazee walihangaika nao tangu kiangazi hata mvua zikaanza, mpaka pande zote mbili zikakubali kuketi mkeka mmoja na kunywa mtungi mmoja. Na kwa desturi ya pale, pombe ya patano ikiharibika, patano limekataliwa, na kila mtu hurudi kwake kunoa panga. Kazi hiyo ikapewa Tusekile. Hakuna aliyefikiria mwingine.

Siku ya kupika aliinama kupuliza moto. Jani kavu la mgomba likashika ghafla, ulimi wa moto ukamlamba kidevu. Hakuumia. Alisikia tu harufu ya nywele zilizoungua, akajipapasa, akakuta kidevu laini kama yai. Akasimama na mwiko mkononi. Na hapo, yeye aliyepika pombe tangu ujana wake, akashindwa kukumbuka kinachofuata baada ya moto. Ni maji kwanza, au unga? Akatazama huku na huku kama mgeni aliyeachwa peke yake katika jiko la watu.

Jirani yake Tumpe alipoingia na kumwona, alijiziba mdomo kwa kanga, kisha akatoka kuita wengine. Wakaja na maneno yao. Huyu alisema auelekezee mtungi mgongo. Yule akasema, la, mtungi ukipewa mgongo hususa. Ajifunike kidevu tu, mtungi usijue. Mwingine akasema kidevu kikifunikwa povu nalo hujifunika, ajipake machicha ya pombe. Tusekile akageuka, akageuka tena, akajifunika, akajifunua, akajipaka, akanawa. Kadiri alivyotii ndivyo alivyozidi kupotea. Mwisho Tumpe akasema kwamba kama ndevu zimeondoka, basi ziletwe nyingine.

Wakamleta Anyosisye, msuka mikeka, mwenye ndevu zilizomfika kifuani. Maishani mwake hakuwahi kupika hata uji wa mgonjwa. Wakamkalisha kwenye kigoda kando ya mtungi, wakaenda zao.

"Nifanye nini, mama?" akauliza kwa hofu.

"Kaa tu," akasema Tusekile. "Ila usijikune."

Akakaa. Jiko lilikuwa na joto, na nje mvua ilikuwa ikinyesha. Tusekile akapika, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye zile ndevu. Alipotaka kujua kama unga umetosha, alizitazama. Uji ulipokuwa ukipoa, na wakati wa kutia kimea umekaribia, alizitazama tena, kwa kuwa uji ukiwa wa moto mno kimea hufa, na ukipoa mno hulala. Ndevu hazikusema kitu. Wakati huohuo mkono wake ulikuwa ukiingia mtungini na kutoka, ukiingia na kutoka, na yeye hakuuangalia. Akatia kimea. Akafunika kwa majani ya mgomba. Akamshukuru Anyosisye kwa sauti, na Anyosisye akaitikia kwa kichwa bila kuinua uso.

Siku ya patano ikafika. Tusekile alisimama mbali. Walipofunua mtungi, povu lilikuwa limesimama hadi ukingoni, jeupe, likinong'ona. Yule aliyemkata mwenzake vidole alikunywa kwanza, akampa kata aliyekatwa, naye akaipokea kwa mkono ule uliobaki mzima, akanywa, na wazee wakashusha pumzi. Watu wa Juu na watu wa Chini wakainuka wakamkumbatia Anyosisye. Wakamtia kuku wa zawadi kwapani. Tusekile naye alimpa mkono wa asante, na hakuwa akijifanya. Lakini alirudi nyumbani na uzito asioujua jina lake, kama mtu aliyeona nguo yake mwilini mwa mwingine na asiwe na hakika kama kweli ni yake.

Tangu hapo Anyosisye hakusuka mkeka tena. Aliitwa kila jiko akae. Akakaa kwa huyu, pombe ikalala kama maji ya kuoshea vyombo. Akakaa kwa yule, ikawa chungu hata nguruwe wakaikataa. Akakaa kwa Tumpe, mtungi ukapasuka. Wanawake wakasema amezipunguza ndevu kwa siri. Wakamkamata wazikague, na ukaguzi ukageuka kuwa kunyonyoa.

Adhuhuri moja akaingia mbio uani kwa Tusekile, ndevu zikiwa zimebaki upande mmoja tu.

"Mama Lusajo, niombee kwao! Mimi sijui kitu."

"Mbona kwangu ulijua?"

Anyosisye akainamisha uso. "Kwako nilisinzia, mama. Niliposhtuka nilikuta mikono yako ina uji mpaka kwenye viwiko, nikanyamaza kwa aibu."

Tusekile akaitazama mikono yake, akaigeuza kiganja na mgongo. Mngedhani alifurahi. Hakufurahi, aliogopa. Kama ni mikono, basi ile miaka yote alikuwa akimshukuru nani? Na kesho pombe ikiharibika, atasingizia nini? Alitamani kidogo Anyosisye awe anasema uongo. Akamwosha kidevu kwa maji ya uvuguvugu, kisha akampa ugali.

Mavuno yaliyofuata alipika peke yake, mlango wazi, kidevu wazi, na safari hii aliutazama mkono wake ulipoingia mtungini. Mara mbili alisita. Mara mbili mkono haukusita. Pombe ikatoka njema kuliko zote alizowahi kupika. Watu walipokusanyika, alisimama mbele yao kwa mara ya kwanza, akasema, "Nimeipika kwa mikono hii."

Wakamtazama kidevu: tangu siku ya moto haukuwa umeota hata unywele mmoja. Wakanong'onezana. Ndipo Mzee Mwankuga, ambaye sasa masikio yalikuwa yamempungukia, akainua fimbo na kuwatuliza. Akasema, kwa heshima zote, kwamba jambo liko wazi: nywele za Mama Lusajo zimeanza kuotea ndani. Watu wakaguna kwa kukubali. Wakajaza kata, wakanywa kwa afya ya nywele za ndani.

Tusekile akabaki amesimama, asijue kama inafaa kucheka au kulia. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kwamba ni mikono. Wakamwitikia kwa upole, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa mwenye homa. Kisha mwanamke mmoja kijana akamsogelea, akamshika kiwiko, akamwuliza polepole jinsi ya kuzigeuza zikaotea ndani.

Nanyi mlioketi hapa, niambieni: mtu aliyenyamaza miaka yote aliposifiwa kwa uongo, atawapa watu nini ili wamsadiki siku atakapowaambia kweli?