Silinda Nane Kwenye Mlima wa Lyasa

Ukibadili moyo, uliza magoti. Mmemsikia bibi yenu Anyesi akimwambia mjukuu wake Lameki hivyo asubuhi, kijana alipotutangazia kwamba mwaka huu anaongeza ekari nne za viazi na mikono ni ile ile miwili. Mmecheka, kisha mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mmeuliza mahali penyewe, kwa sababu aliyeyaleta duniani kwa ujinga wake ni mimi babu yenu, na aliyeyatamka ni dada yangu. Methali hii ilianza hivi.

Baba yetu alituachia lori moja kuukuu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ubavuni limeandikwa Tutafika. Mvua zikikolea hakuna gari jingine lililoweza kupanda mlima wa Lyasa. Viazi vya Itundulo nzima vilitoka kijijini kwa lori hilo, na wagonjwa vilevile. Mwaka ninaousema, injini yake, moyo wa lori, ilichoka. Ilitoa moshi mweusi, ikanywa oili kuliko dizeli, na ikifika kona ya pili ya Lyasa inazima. Zilibaki wiki tano masika yaanze. Tutafika likifa, viazi vyetu vingeozea ghalani na wagonjwa wangerudi kubebwa kwa machela.

Mimi ndiye niliyekuwa dereva, na kifua changu wakati huo kilikuwa mbele kuliko miguu yangu. Nikaenda Makambako, nikapata injini ya petroli ya silinda nane iliyotolewa kwenye lori la ujenzi. Nilipoileta kijijini watu walitoka majumbani kuitazama. Tuliiwasha ikiwa bado juu ya magogo, na kuku wote wa jirani wakakimbia. Nilifurahi mno.

Anyesi alikuwa amerudi miaka miwili nyuma kutoka kujifunza ufundi, na karakana yake ilikuwa pale pale nyuma ya nyumba. Aliizunguka ile injini mara mbili, akiwa na kitambaa mkononi.

"Injini ni nzima, kaka," akasema. "Itafungwa na giaboksi gani?"

"Ile ile ya baba. Imewahi kukusumbua?"

"Haijanisumbua kwa sababu haijawahi kusukumwa na kitu kama hiki."

Akaniambia kwamba iko injini ya dizeli ya silinda nne kwenye lori la shamba lililoanguka huko bondeni. Ilikuwa na giaboksi yake ya gia tano, vimezaliwa pamoja na vimezoeana. Nikamcheka. Nikamuuliza kama anataka Tutafika lipande Lyasa kama kobe.

Hapo Anyesi akafanya jambo ambalo sikulipenda. Akapiga goti mbele yangu, akanishika magoti yote mawili na kuyabonyeza. Nanyi hamkumkuta babu yetu, kwa hiyo niwaeleze. Babu aliongoza wapagazi waliovuka milima hii kwa miguu. Katika msafara wake mzigo haukupanda mgongoni mwa mtu mpaka yeye mwenyewe ayashike magoti ya mbebaji. Kijana angejisifu mpaka mate yamkauke, babu hakumsikiliza, aliuliza magoti. Yakitetemeka, mzigo unapunguzwa, na hakuna aliyeona aibu; yakikaza, babu humwambia, "Haya, simama nao."

"Mimi si mpagazi," nikamwambia.

"Najua. Nitaifunga kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Ila Lyasa tupande kwanza likiwa tupu."

Aliifunga kwa siku tisa. Siku ya kumi, yeye akiwa mtoni anafua nguo zake za kazi, nikapakia magunia thelathini. Kijiji kizima kilisimama kando ya barabara, na mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha.

Kona ya kwanza tuliipita watu wakipiga vigelegele. Kwenye ya pili nikaweka gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kitu kikalia chini ya miguu yangu, mlio mkavu kama wa mfupa. Injini ikaendelea kunguruma kwa nguvu zote nane, na magurudumu hayana habari. Lori likaanza kurudi nyuma. Breki zilishika, matope hayakushika. Kulia kwangu lilikuwa korongo. Niliogopa, sitawaficha.

Aliyelisimamisha ni Anyesi. Alikuwa ameisikia sauti ya injini kule mtoni, akajua imebeba mzigo, akapanda mbio na kabari ya mti begani. Akaisukumiza chini ya gurudumu la nyuma, akaruka pembeni. Lori likasimama.

Hakunigombeza. Aliazima kwa mama mmoja sahani nyeupe ya bati, akaingia uvunguni, akafungua giaboksi. Oili ikamwagika ndani ya sahani pamoja na meno ya gia, nikahesabu saba. Akaizungusha sahani watu wote wayaone magoti ya lori, kisha akanipa mimi.

"Kaka," akasema, "ukibadili moyo, uliza magoti."

Nilivua kofia pale pale kwenye matope. "Chagua wewe," nikamwambia. "Chochote utakachofunga, nitapanda nacho."

Akafunga ile dizeli ya silinda nne na giaboksi yake. Akabadilisha klachi, akakata propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumuni, na kuiunganisha upya ili ilingane. Akapanda Lyasa lori likiwa tupu, kisha na magunia kumi, kisha ishirini. Wiki masika yalipoanza, likapanda na thelathini. Lilikwenda polepole kama kobe, wala sioni aibu kulisema, na kona ya pili liliipita bila kubadili hata sauti. Usukani alikuwa ameushika yeye. Mimi nilikuwa natembea mbele kwa miguu, kabari begani, nikijivuna kuliko siku ile ya silinda nane.

Kule juu alishuka kunirudishia funguo. Sikuzipokea. Nikapiga goti mbele ya kijiji kizima, mimi mkubwa wake, nikamshika magoti nikayabonyeza kama babu. Yalikuwa yamejaa matope, na hayakutetemeka hata kidogo.

"Haya, simama nazo," nikamwambia.

Amelibeba lori lile miaka thelathini na moja. Kwa hiyo Lameki, nenda kwa bibi yako, simama mbele yake na umwache ayashike magoti yako. Ukibadili moyo, uliza magoti.