Bingwa wa Kungoja

Waumini wenzangu, hukumu ya mchezo wa sataranji wanazuoni wamekwisha kuizungumza; leo sikuja nayo. Nimekuja na habari ya mtu.

Palikuwa na bingwa wa sataranji, na ubingwa wake ulikuwa wa kungoja. Hakushambulia. Alizipanga kete zake kama ajengaye ukuta, akatulia mpaka mwenzake achoke, akosee. Na akishakosea, hakumwachia tena. Kwa mtindo huo alitawala miaka kumi na tisa.

Taji la kwanza alilitwaa kwa mwalimu wake mwenyewe, mzee mwenye maradhi ya kutetemeka mkono. Mzee alikuwa akielekea kushinda. Aliponyoosha mkono amchukue farasi wake, kidole kikamgusa malkia. Na sheria yao ni kwamba kete uliyoigusa sharti uicheze.

“Umemgusa malkia, mwalimu.”

“Kwa mkono huu, mwanangu? Si wewe unayenifunga vifungo vya kanzu?”

“Sheria ni sheria.”

Mzee akamcheza malkia, akashindwa, akampa mkono wa pongezi.

Tangu siku ile bingwa hakuionja raha ya taji, kwani alijua amedhulumu. Lakini hata katika kuomba radhi alishika mtindo wake: mzee na atangulie kuniita, nipime hasira yake. Mzee hakuita. Bingwa alipovuliwa taji, ndipo alipokwenda kupiga hodi.

Mke wa mwalimu akafungua. “Ala! Ndiyo leo? Mpaka mwaka juzi alikuwa akikuulizia kila Ijumaa. Haya, ingia.”

Bingwa akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee. “Mwalimu, nilikudhulumu. Nisamehe.”

Mzee akatabasamu kwa adabu. “Nimekusamehe, baba. Ila sikujui. Wewe mtoto wa nani?”

Akamweleza yote: taji, malkia, kidole. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mkewe: “Mpe mgeni chai. Naona ana msiba.”

Je, huyo alisamehewa? Na nani?

Sisi nasi tunangoja. Twasema: nitakwenda akipoa, nitakwenda Ramadhani ikiingia. Tunachokihofia ni mauti tu. Hatukumbuki kwamba tuliyemdhulumu aweza kuwa hai, anakula, anacheka, na mwenye haki ya kutusamehe akawa hayumo tena ndani yake.

Viatu vyenu viko mlangoni, na kila mmoja wenu analijua jina la mtu wake. Mbona bado mmekaa?