Sweta la Kitoto cha Zimwi

Sogeeni, wanangu. Siku ile pangoni walikuwamo wanne: Subilaga mfumaji, mwanawe Tumpe, zimwi la kike, na kitoto cha zimwi kilichotetemeka kwa baridi.

Zimwi lilimpakata Tumpe. "Mfumie mwanangu sweta la maua mekundu na meupe. Likimwenea, mchukue wako. Lisipomwenea, anabaki."

Subilaga akafuma, macho kwa Tumpe. Kila alipobadilisha rangi, mkono wake uliukaza uzi unaopita nyuma ya maua. Sweta likajikunja, kichwa cha kitoto kisipite. Akafumua, akafuma tena, likajikunja vilevile.

Mara ya tatu zimwi likamtazama vidole. "Mama Tumpe, mbona unauvuta hivyo?"

"Namvuta mwanangu," akasema, machozi yakimtoka.

Zimwi likainuka na Tumpe. Kisha likamfunga Tumpe mgongoni kwa mama yake, likasogea kando, likaacha mlango wazi. "Haya. Ukitaka, nenda."

Subilaga akasikia pumzi ya Tumpe shingoni. Akautazama mlango, akakitazama kitoto kile kilichokauka midomo kwa baridi. Akaketi. Sasa uzi ukapita nyuma ya maua taratibu, haukazwi wala hauning'inii.

Kichwa kikapita.

Kitoto kililivaa sweta lile msimu mzima wa baridi. Mwaka uliofuata likakibana, maana kilikuwa kimekua.