Kamati ya Mazishi ya Chama

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hayo ni maneno ya mabaharia, na watu wa mlimani hawajui maji mengi kuliko ya mtungini. Hata hivyo, maana yake haihitaji bahari: mtu na ahangaike nyuma ya chombo, ahangaike na mbele yake, mwisho wa mahangaiko atarudi pale katikati. Na kama ni kweli kwa mtu, ni kweli kwa chama cha siasa pia.

Mtaani Ruring'u, katika mji wa Nyeri, chini ya Mlima Kenya, aliishi mgane aitwaye Mutahi, au Baba Lynn kwa jina la bintiye. Ulimi wake ulikuwa mchungu kama shubiri tangu mkewe, Murugi, alipofariki akingoja dawa ambayo wakubwa walisema imeagizwa. Murugi ndiye aliyekilea Chama cha Karai pale mtaani. Wanachama walikuwa wakikutana nyuma ya duka la vyuma la Govind, wakaketi juu ya magunia ya saruji, Mkikuyu kando ya Mmeru, Mmeru kando ya Mhindi, wakabishana hadi sauti zikawakauka, kisha wakatoka na neno moja. Kwa neno hilo moja walileta maji ya mfereji mtaani, na kura zikawafuata.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakuu wa chama waliitwa Nairobi kulamba asali ya serikali, wakailamba pamoja na kidole. Kodi zilipopanda wakapiga makofi. Wananchi walipowazomea, waligeuka mbio wakakimbilia ncha ya pili: sasa ati mlima ni wa damu moja, wengine wote wafunge virago. Mwenyekiti wa tawi, Moffat, aliucheza wimbo wa kwanza, akaucheza na wa pili. Hata kwenye mazishi ya Murugi alinyakua kipaza sauti, akamsahau marehemu, akatangaza kwamba Karai haina nafasi ya wageni. Govind, ambaye pikapu yake ndiyo iliyoleta mwili kutoka mochari, alisikia yote. Akaondoka. Kobia, kinyozi aliyetoka Meru, akamfuata.

Uchaguzi mdogo wa mwakilishi wa wadi ulipokaribia, makao makuu yalitoa onyo kwamba tawi litakalokosa mgombea litafungwa. Moffat aliitisha mkutano. Walikuja watu watatu, na mmoja wao alikuwa anakimbia mvua.

"Watu wako wapi?" Moffat aliuliza.

"Si uliwafukuza?" Mutahi alimjibu. "Ulitaka damu moja. Haya, ndiyo hii."

"Baba Lynn, usinitusi. Chama kiko imara."

"Imara gani? Karai imekufa, Moffat, na maiti haiachwi barabarani. Jumamosi alasiri, kamati ya mazishi, nyumbani kwangu!"

Aliropoka kwa hasira tu. Kumbe neno likishatoka halirudi. Sokoni lilipokewa kwa kicheko, likapita kwa mama mboga, likafika kwa vinyozi. Na mlimani mtu anaweza kukosa harusi, hata kanisani anaweza kukosa, ila kamati ya mazishi haikosi. Mutahi mwenyewe alilala vibaya. Chama hicho kilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya Murugi, naye ndiye aliyekitangazia kifo.

Jumamosi, wa kwanza kubisha hodi alikuwa Govind, amebeba mkate na sukari kama ilivyo desturi.

"Pole, Baba Lynn," alisema, uso wa msiba kabisa.

"Tumepoa," Mutahi akajibu, akashtuka kuona machozi yanamlenga.

Baada yake alikuja Kobia na mkewe, Karwitha, muuza viazi asiyeogopa mtu. Wakafuata majirani, mpaka viti vikaazimwa.

"Tuanze na ugonjwa," Kobia alisema. "Marehemu aliugua nini?"

"Kizunguzungu!" Karwitha akadakia. "Mara anakimbia kulamba asali, mara anakimbia kurushia watu mawe. Hata ng'ombe wa Doldol, aliyezoea ukame, angeanguka."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Na amewaacha akina nani?" Kobia aliendelea.

Kicheko kikakatika kama uzi.

"Amewacha sisi," Govind alisema polepole. "Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu pia. Bado niko na kadi ya Karai. Ningerudisha wapi? Mimi siko na chama kingine."

Hapo mlango ukasukumwa. Moffat alisimama kizingitini, pakiti ya sukari mkononi, kiburi chote kimemtoka. Mutahi aliinuka. Maneno aliyoyahifadhi tangu mazishi ya mkewe yalimjaa kinywani. Lakini akimfukuza, atakuwa amesema kwa kinywa cha Moffat yuleyule. Akamgeukia Govind.

"Aliyetukanwa ni wewe. Akae?"

"Kwanza aseme."

Moffat aliiweka sukari mezani. "Nilikukosea, Govind. Nilimkosea na Mama Lynn. Nilidhani wanaopiga kelele sana ndio wengi."

Govind alimsogezea kiti.

"Kaa," Mutahi akasema. "Lakini kipaza sauti hukigusi."

Kamati haikuzika kitu. Ilimteua Karwitha kuwania kiti, na ikakubaliana kwamba hatahubiri damu wala asali, atauliza dawa ziko wapi. Govind alizunguka madukani, Kobia akanyoa vichwa akivishawishi, Moffat akawaendea vijana aliowapotosha na kukiri mbele yao. Wengi waliokuwa wamechoshwa na ncha zote mbili walikuwa wakingoja tu mahali pa kusimama. Kura zilipohesabiwa, Karwitha alikuwa mbele, si kwa mbali, ila mbele.

Alimkuta Mutahi uani kwake, akamshukuru.

"Usinishukuru, mama," mzee alisema kwa ukali, ingawa macho yake yalicheka. "Wakubwa ni wakubwa, hata wakiuza viazi. Nitakuchunga. Ukienda kombo, Jumamosi ziko nyingi."

Karwitha alicheka, akaingia ndani ambako wenzake, pamoja na Moffat na Govind, walikuwa wameanza kubishana upya. Ama kweli, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.